GARI LIKITETEMEKA, USIULIZE "NI NINI" KABLA YA KUULIZA "NI LINI"



Leo nasema na mtu fulani. Una gari la otomatiki, mmezeeka pamoja, limeshapita kilomita 200,000. Ndilo linakupeleka kazini, ndilo linabeba mzigo wa biashara, na Jumapili ndilo linaleta familia ibadani. Lakini kuna kitu kimeanza. Ukiwa barabara kuu umetulia, mguu mwepesi, gari linatetemeka. Tu-tu-tu-tu-tu. Kama umepita juu ya vile vituta vidogo vidogo wanavyoweka kabla ya tuta kubwa, na barabara uliyo nayo ni laini kabisa. Sekunde mbili, tatu, linaacha. Mbele kidogo linarudia.

Umeenda kwa fundi. Hakuliendesha, hakulifungua. Alisimama hapo mikono mfukoni akakuambia, "Hiyo giaboksi imekwisha, tafuta nyingine." Tangu siku hiyo usingizi umekupotea, kwa sababu unajua pesa ya giaboksi itatoka wapi. Itatoka kwa karo ya mtoto.

Nisikilize vizuri, mpendwa.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuingia kwenye huduma nilifanya kazi ya ufundi wa magari kule Nakuru kwa miaka tisa. Ndiyo maana ibada ikiisha, wengine wanapanga foleni ya maombi na wengine wananingoja nje boneti ikiwa wazi. Swali la kutetemeka nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona niliandike lote mahali pamoja, ili ukiulizwa na jirani umtumie.

Na neno langu ni moja tu: usilipie tiba kabla ya kujua ugonjwa. Ugonjwa wa mtetemo unajulikana kwa kuangalia ni lini gari linatetemeka. Ukijua ni lini, utakuwa umeshakaribia kujua ni nini.

SI KILA KITU KIMETUMWA

Kuna mama mmoja katika kanisa letu aliyenipa ruhusa nisimulie habari yake bila jina. Anauza mayai. Anayachukua kwa wafugaji alfajiri, anayapeleka madukani na hotelini, na gari lake dogo ndilo duka lake. Aliponijia, alikuwa ameshaambiwa mambo matatu na watu watatu.

Wa kwanza, fundi, alimwambia giaboksi imekufa, na kwamba anayo moja iliyotoka Japani, shilingi 75,000, kazi ya kufunga ni kando, na alete rubuni kabla ya Ijumaa. Wa pili, mnunuzi wa magari, alimwambia aliuze kama lilivyo, akataja bei ya kumlilia mtu. Wa tatu alikuwa jirani. Huyo alimnong'onezea kwamba gari hilo limetupiwa kitu na wenye wivu na biashara yake, na ndiyo sababu linatetemeka kama mtu mwenye mapepo.

Wapendwa, mimi naamini maombi, na tuliomba. Lakini nilimwambia hivi: "Mama, pepo hachagui mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Hebu niambie, linatetemeka lini?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Pastor, asubuhi nikitoka nyumbani halina shida. Nikishatoka mjini, gari limepata moto, nikifika kama 70, kwa kamlima kadogo, linaanza. Nikikanyaga mafuta sana linaacha. Nikiachia mafuta linaacha. Ni pale katikati tu, na trei zote zinalia nyuma."

Angalia hilo jibu. Yule mama hakusoma ufundi hata siku moja, lakini katika maneno hayo machache alikuwa ameshafanya nusu ya kazi ya fundi. Sasa nikuonyeshe kwa nini.

KWANZA: JUA KINACHOTETEMEKA

Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna chombo cha duara kinachoitwa toki konvata. Mafundi husema "konvata" tu. Kinafanya kazi ambayo kwenye gari la manyuali hufanywa na klachi ya mguu.

Weka feni mbili zikitazamana mezani. Washa moja, ile nyingine usiiwashe. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ile ya pili. Ndani ya konvata ni hivyo hivyo, ila badala ya upepo kuna oili. Injini inazungusha upande mmoja, oili inasukuma upande wa pili, gari linaondoka. Ndiyo maana gari la otomatiki linaweza kusimama kwenye D, umekanyaga breki, na injini isizime.

Lakini kusukumana kwa oili kuna hasara. Upande wa pili daima unabaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo inageuka kuwa joto na mafuta kuchomeka bure. Kwa hiyo waliotengeneza magari wakaweka klachi ndogo ndani ya konvata. Mwendo ukitulia, kompyuta ya gari inaibana klachi hiyo, na injini na giaboksi zinazunguka kama kitu kimoja. Hapo ndipo unapoona mshale wa mizunguko ya injini unashuka kidogo na gari linakuwa kimya.

Klachi hiyo ina utando mwembamba wa kushika. Na oili ya giaboksi ina dawa maalumu ndani yake inayofanya utando huo ushike polepole, kwa ulaini. Oili ikizeeka kwa joto na kilomita nyingi, ile dawa inaisha nguvu. Sasa klachi inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi kwa sekunde moja.

Mnaopanga viti kanisani mnalijua jambo hili. Buruta kiti cha plastiki kwenye sakafu ya simiti. Hakiteleze kwa ulaini, kinaruka-ruka na kulia. Mtetemo wa konvata ni kiti hicho kinachoburutwa, na wewe umekalia juu yake ukielekea kazini.

Sasa rudi kwa maneno ya mama. Asubuhi gari likiwa baridi halina shida, kwa sababu kompyuta haiibani klachi hiyo mpaka oili ipate joto. Linatetemeka mwendo ukitulia na mguu ukiwa mwepesi, kwa sababu hapo ndipo klachi inabanwa. Akikanyaga sana linaacha, kwa sababu mara nyingi kompyuta inaifungua klachi au inashusha gia. Akiachia mafuta linaacha, kwa sababu hakuna tena nguvu ya injini inayoivuta. Kila neno lake lilikuwa linaonyesha mahali pamoja.

PILI: MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Kabla ya kwenda kwa fundi yeyote, chukua karatasi. Kaa na gari lako siku mbili tatu ukilisikiliza. Kisha ujibu haya.

1. Linatetemeka likiwa baridi, au mpaka lipate moto? Likianza tangu unapowasha asubuhi, konvata si mshukiwa wa kwanza.

2. Linatetemeka likiwa limesimama? Ukiwa kwenye D, breki imekanyagwa, gari zima linatikisika, halafu ukiweka N linatulia? Waambie waangalie mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini na giaboksi. Zikikatika au kulegea, mtikisiko wa kawaida wa injini unafika mpaka kwenye kiti chako. Raba hizo ni nafuu sana kuliko giaboksi.

3. Linatetemeka kwa mwendo gani? Mtetemo wa konvata hupatikana sana kati ya kilomita 50 na 90 kwa saa, na huja na kuondoka. Kama linaanza kwenye 90 au 100 na halikomi mpaka upunguze mwendo, na usukani unacheza mkononi, angalia magurudumu kwanza: balansi, tairi lililovimba, rimu iliyopinda kwa shimo.

4. Ukiachia mafuta linaacha? Mtetemo wa magurudumu haujali mguu wako uko wapi, unafuata mwendo tu. Mtetemo wa injini, wa shafti na wa konvata unajali sana.

5. Ukikanyaga sana linazidi au linaisha? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Wa konvata mara nyingi unaisha. Wa shafti unazidi, kwa sababu viungio vya ndani vya zile shafti zinazozungusha magurudumu vikilika, gari linayumba kushoto na kulia unapolivuta kwa nguvu. Na wa injini inayokosa mwako pia unazidi, hasa mlimani.

Hapo pa injini kukosa mwako, simama nami kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi.

Mzee mmoja ninayemheshimu alikuwa na gari linalotetemeka. Akaambiwa giaboksi. Akanunua giaboksi iliyotumika, ikafungwa, akalipa. Siku ya pili gari likatetemeka vile vile. Alipolileta kwangu nilimwomba apande nalo mlima huku anakanyaga. Lilitetemeka zaidi kadiri alivyokanyaga, na taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Koili moja ya plagi ilikuwa imepasuka. Koili moja! Giaboksi yake ya kwanza ilikuwa imeshauzwa kwa mtu mwingine, nadhani inamtumikia vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kuishtaki giaboksi, plagi na koili ziangaliwe. Gari liunganishwe na mashine ya kupima. Ikionyesha P0300, injini inakosa mwako bila mpangilio. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea. Ikionyesha P0741, kompyuta inasema niliamuru klachi ya konvata ibane, nikaona bado inateleza au haikubana. Lakini uelewe jambo hili: mtetemo unaweza kuwepo muda mrefu bila namba yoyote kuonekana. Mashine ikinyamaza haimaanishi gari ni zima. Ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi.

TATU: JARIBU BARABARANI, LAKINI KWA AKILI

Mimi na mama wa mayai, pamoja na mwanawe, tulichukua barabara ya kutoka Naivasha kuelekea Gilgil mchana wakati magari ni machache. Mayai tuliyaacha nyumbani, asante Yesu. Mama aliendesha, kwa sababu yeye ndiye alijua mguu unaolileta tatizo. Mwanawe alikaa mbele kutazama mshale wa mizunguko. Mimi nyuma nasikiliza.

Tulipofika 70, mguu mwepesi, likaanza. Tu-tu-tu-tu. Nikamwambia, "Mama, usitoe mguu kwenye mafuta. Kwa mguu wa kushoto, gusa breki kidogo mno, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, usibane."

Akagusa. Mtetemo ukakatika papo hapo, kama mtu amezima redio. Kijana akasema mshale umepanda kidogo. Akatoa mguu kwenye breki, sekunde chache mshale ukashuka, na mtetemo ukarudi. Tulirudia mara nne. Mara zote nne ikawa vile vile.

Maana yake ni hii. Ukigusa breki, kompyuta inaifungua ile klachi ya konvata. Injini haijabadilika, plagi ni zile zile, shafti ni zile zile, magurudumu ni yale yale. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu. Basi mtetemo ukikatika pale pale, umemshika mhusika.

Lakini nakuonya kwa upendo. Usifanye hivi peke yako kama hujazoea mguu wa kushoto, maana mguu huo umezoea kubana klachi na unaweza kufunga breki ghafla. Usifanye kukiwa na gari nyuma yako, usifanye mvua ikinyesha, usifanye kwenye mteremko. Kama gari lako lina kitufe cha O/D, unaweza kukizima badala yake. Mara nyingi gia ya juu ikitoka, hali ya klachi inabadilika na mtetemo unabadilika nao. Na kama una fundi mwenye mashine nzuri, anaweza kuona kwenye skrini yake klachi ikiamriwa kubana na mizunguko ikicheza badala ya kutulia. Mwambie apande nawe. Fundi anayekataa kuendesha gari lakini anakubali kuuza giaboksi, mwage kwa heshima, uende zako.

NNE: OILI INASEMA

Tukarudi, tukapima oili. Kama gari lako lina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kwa magari mengi unapima gari likiwa tambarare, limepata moto, injini inanguruma, baada ya kupitisha gia zote polepole na kurudi P. Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti hicho. Yanapimwa kwa kufungua nati chini ya giaboksi, oili ikiwa kwenye joto lililowekwa na kampuni. Hiyo ni kazi ya fundi, usiijaribu na jeki nyumbani.

Chovya kitambaa cheupe, au karatasi, uangalie rangi. Oili mpya kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia, imezeeka. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, klachi za ndani zimeteseka. Ikiwa kama chai ya maziwa, simamisha gari mara moja, usiliwashe tena, kwa sababu maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi kupitia kipoza oili, na maji ni sumu kwa zile klachi.

Ya mama ilikuwa kama strungi, kahawia iliyokolea, lakini haikunuka kuungua. Tulipofungua sampu, sumaku za ndani zilikuwa na uji laini wa kijivu. Usiogope uji huo, ni uchakavu wa kawaida, ndiyo kazi ya sumaku kuushika. Ungeogopa kuona vipande vya chuma unavyoweza kuokota kwa vidole. Havikuwepo.

Nilimuuliza oili hiyo ilibadilishwa lini. Akasema tangu alinunue, hajawahi. Simlaumu. Aliambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha. Lakini maisha ya nani? Kumbuka sheria yetu inaruhusu gari kuingia nchini likiwa limetumika mpaka miaka 8. Kwa hiyo "maisha" yalianza Japani, yakapanda meli, yakaja kupanda miinuko ya Bonde la Ufa na kusimama kwenye msongamano wa jua kali. Joto, milima na foleni ndivyo vinavyomaliza oili hiyo.

Basi tukabadilisha. Hapa shika mambo matatu.

La kwanza ni aina ya oili. Kila giaboksi ina oili yake, imeandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari. Kwa mfano Toyota wana T-IV kwa magari yao ya zamani kidogo na WS kwa yaliyofuata, na hazibadilishani ovyo. Magari mengi madogo ya sasa yana giaboksi ya CVT, isiyokuwa na gia za kawaida bali mkanda wa chuma. Hiyo ina oili yake tofauti kabisa. Ukiitilia oili ya otomatiki ya kawaida unaiua. Na mtetemo wa CVT unaweza kutoka kwenye mkanda wenyewe, kwa hiyo usimruhusu mtu akupimie CVT kwa kipimo cha otomatiki ya kawaida.

La pili ni kiasi. Ukifungua nati ya chini, oili haitoki yote, kwa sababu nyingi imebaki ndani ya konvata. Tuseme giaboksi inabeba lita 7 na zikatoka 3 na nusu. Ukijaza mpya, una nusu mpya na nusu kuukuu. Endesha siku kadhaa, rudia, unafika robo tatu mpya. Rudia mara ya tatu, unafika karibu asilimia 88. Njia hii ni ya polepole na haiishtui giaboksi kuukuu.

La tatu ni subira. Mtetemo usipoisha siku hiyo hiyo usikate tamaa. Kwa mama ulipungua baada ya mara ya kwanza. Baada ya mara ya pili, na kilomita mia kadhaa, aliniandikia: "Pastor, leo nimeenda Gilgil na kurudi, trei hazikulia." Gharama yote ya oili, filta na kazi haikufika robo ya bei ya ile giaboksi. Karo ikalipwa.

TANO: UKWELI UKIWA MCHUNGU

Sitaki mtu asome hapa akadhani oili mpya ni muujiza. Nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya.

Kijana mmoja wa teksi alikuja na gari lenye mtetemo kama ule. Lakini lake lilikuwa pia linateleza. Anakanyaga, injini inapiga kelele, gari haliendi, kisha gia inaingia kwa kishindo. Oili yake ilikuwa nyeusi, inanuka, na sumaku zilikuwa na vipande. Nilimwambia kweli, "Kaka, hapa oili haitarudisha kilicholika. Konvata na klachi za ndani lazima zifunguliwe." Hakufurahi. Alikuwa amesikia habari za watu waliopona kwa oili, naye alitaka iwe hivyo kwake. Lakini kwa kuwa alijua mapema, aliweka gari chini, akakusanya pesa miezi miwili, akafanyiwa kazi mara moja. Kama angeendelea nalo, lingemwachia katikati ya Mai Mahiu usiku na abiria ndani.

Wako watakaokuambia, "Usibadilishe oili ya giaboksi kuukuu, utaiua." Nimewaona watu waliobadilisha na giaboksi ikafa mwezi uliofuata. Ukichunguza, wengi walibadilisha kwa sababu ilikuwa tayari inateleza. Ilikuwa kwenye njia ya kaburi, oili ikapewa lawama. Kama giaboksi yako inatetemeka tu na haitelezi, na oili haijaungua, kubadilisha polepole kwa oili sahihi ni hatua ya busara. Kama inateleza na oili ni nyeusi, zungumza kwanza na fundi wa giaboksi, usitumaini chupa.

Na zile chupa ndogo za dawa ya kuongeza kwenye oili? Baadhi hurudisha ule ulaini wa kushika kwa muda, na mtetemo unapungua. Zinaweza kukununulia muda. Lakini utando uliokwisha haurudi kwa dawa ya chupa.

Usiendelee pia kuuvumilia mtetemo mwaka mzima kwa kuwa "bado gari linaenda." Klachi inayoruka-ruka inajila yenyewe, unga wake unaingia kwenye oili, na oili hiyo ndiyo inayopita kwenye vali ndogo ndogo zinazobadilisha gia. Kilichoanza kama kazi ya oili kinageuka kuwa kazi ya giaboksi nzima.

NENO KWA MAFUNDI WALIOKO KANISANI

Ndugu zangu wa gereji, najua mko hapa. Nilikuwa mmoja wenu, najua siku bila kazi ilivyo. Lakini yule mtu anayesimama mbele yako na ufunguo mkononi hajui konvata ni nini. Amekukabidhi zaidi ya gari. Amekukabidhi mahindi ya mwaka, karo, pesa ya chama. Ukimwambia "giaboksi imekwisha" bila kupanda gari lake, umemhukumu bila kesi. Panda. Endesha. Chovya kitambaa. Ukimwokolea mtu shilingi elfu sabini, hatakwenda kwa fundi mwingine maisha yake yote, na ataleta ndugu zake.

Na wewe mwenye gari, usiende kwa fundi na jibu tayari. Usiseme, "Nibadilishie giaboksi." Sema, "Linatetemeka likiwa na moto, kwenye 70, mguu mwepesi, nikigusa breki linaacha." Fundi mzuri atafurahi kukusikia. Fundi mbaya atajua kwamba huyu si wa kudanganywa.

Wiki hii fanya jambo moja. Usinunue chochote. Chukua karatasi, andika yale maswali matano, uendeshe gari lako ukilisikiliza. Wapendwa, tumezoea kuongeza sauti ya redio gari linapolia. Zima redio siku moja.

Nawaombea wote mnaotafuta riziki barabarani. Wanaoendesha usiku, akina mama wa sokoni, vijana wa teksi, walimu wanaotoka mbali. Mungu awape safari salama, awape mafundi wa kweli, na pesa ya karo ibaki kuwa ya karo.

Kama gari lako linatetemeka, andika hapa chini ni lini linatetemeka, nitasoma kila moja na kujibu nikipata nafasi. Usiandike "Pastor, gari langu ni bovu, niombee." Nitakuombea, ndiyo. Lakini niambie pia ni mwendo gani.